Landrova, Mwambie Mkamwana

Mafuta machafu yalikuwa na njano ndani yake. Hicho ndicho kitu Enesi alichokiona kwanza, kabla hajajua kama kilimhusu. Mama mkwe wake, Elina, alikuwa amempa beseni akayamwage nyuma ya migomba, na alipolielekeza kwenye jua akaona vumbi jembamba la njano likizunguka juu ya ule weusi, kama chavua ya mahindi ikielea kwenye maji ya kisima.

Nyuma ya ukuta wa banda, baba mkwe wake alikuwa akitoa hukumu.

"Meno yamekwisha," alisema Mzee Anyelwisye, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika. "Gia ya tatu inachomoka kwa sababu haina meno ya kushikia. Elina, Landrova imekufa."

"Ilikufa zamani, mume wangu," Elina alijibu huku akipepeta maharage. "Wewe tu ndiye ulikuwa hujaletewa habari."

Enesi alisimama na beseni lake. Meno hayakuwa yamekwisha. Alikulia mji mdogo wa Mpemba, kwenye gereji ya mjomba wake Wiliam kando ya barabara kuu, alikopelekwa akiwa darasa la tano mama yake alipougua, na huko kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli. Aliviosha mpaka akavijua kama wenzake walivyojua nyimbo za kwaya. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila mafuta yalipomwagwa alimwita aje kuyatazama. Meno yakilika, mafuta hung'aa kijivu. Njano ni bushi, ile pete ya shaba ambayo gia huzungukia juu yake. Bushi ikilika, gia hulegea, ikilegea huchomoka. Bushi hubadilishwa, na gari huendelea na safari.

Yote hayo aliyajua, na hakuweza kuyasema. Si kwamba alikatazwa na mtu. Mzee Anyelwisye alikuwa baba mkwe, na kwa watu wa kijiji chao cha Mbebe wa rika lake mke wa mwanao hakutazami usoni, hapiti mbele yako, wala hakusemeshi. Vijana wengi walikuwa wameshalegeza, wengine wanakula na baba wakwe zao meza moja na kuwatania. Mzee hakulegeza. Hakuwa mkali, alilelewa hivyo tu, na Enesi, ambaye hata wasiokuwa wakwe aliwaonea haya, hakuona sababu ya kuanza yeye. Tangu aolewe, mpaka akajifungua mtoto wake Imelda, walikuwa wameishi katika ua mmoja kama watu wawili wanaopishana kwenye ukungu. Enesi akisikia kikohozi cha Mzee, anachepuka. Naye Mzee akiona kanga yake, anageuka kutazama milima.

Lakini njano ile haikumtoka machoni, kwa sababu muda ulikuwa unakwisha.

Mumewe Asajile, dereva wa lori, kabla ya kuondoka na mzigo wa Kongo aliongea na baba yake kwa upole. Banda lile ndipo mahali pekee penye msingi mzuri. Alitaka kujenga chumba cha matofali, yeye na mkewe na mtoto watoke kwenye chumba cha udongo kinachovuja. Landrova ilikuwa imekaa mle miaka, kuku wakitagia kwenye viti. Wanunuzi wa vyuma chakavu wa Tunduma walikuwa tayari kuja kuikata.

"Sikukatalii, Baba," Asajile alisema. "Nikirudi nikute imepanda mlima yenyewe mpaka barabarani, nitanyamaza, na chumba kitangoja mpaka tupate msingi kwingine. Ikishindwa, turuhusu waichukue."

"Itapanda," Mzee alisema. Gari lile lilikuwa limebeba kahawa yake, wagonjwa wa kijiji kizima na maharusi wao, na Asajile mwenyewe nusura azaliwe ndani yake.

Kwa hiyo chumba kilikuwa cha Enesi. Landrova ikifa, yeye ndiye angepata paa lisilovuja. Alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alirudi na beseni, akapiga magoti karibu na Elina.

"Mama. Mwambie Baba si meno. Mafuta yana njano. Ni bushi."

Elina alimtazama, akaacha maharage, akaenda hadi mlangoni mwa banda.

"Mkamwana wako anasema si meno. Ni bushi."

Sauti ikatoka ndani: "Kajuaje?"

Elina akarudi. "Anauliza umejuaje."

"Mafuta yana njano."

Elina akaenda. "Mafuta yana njano."

"Njano ya namna gani?"

Alirudi, akaenda, akarudi tena. Mara ya mwisho alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Mimi si redio! Nina maharage. Semezaneni kupitia hilo gari lenu, lina milango pande mbili."

Akarudi kwenye maharage yake. Kisha Mzee akakohoa.

"Landrova," alisema, "mwambie mkamwana alete taa."

Ndivyo ilivyoanza. Vijana wa jirani waliiinua giaboksi, lile sanduku la gia, kwa miti mitatu na mnyororo, wakaipitisha ndani ya gari kwa kelele nyingi kuliko kazi, wakailaza kwenye meza. Katikati ya meza Mzee akatundika turubai la kuanikia mahindi. Upande mmoja alikaa yeye, mkono wake ukijua kila nati ilipo. Macho yake yaliona vizuri ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya bonde, lakini kitu kilichokuwa mkononi hayakukiona. Upande wa pili alikaa Enesi, Imelda mgongoni, na beseni la dizeli miguuni. Vyuma vilipita chini ya turubai, vikirudi vimeoshwa.

"Landrova, mwambie mkamwana hii ni shafti kubwa. Aishike kama mtoto mchanga."

"Landrova, mwambie Baba nimeishika."

"Landrova, muulize bushi anaionaje."

Enesi aliigeuza kwenye mwanga. Upande mmoja ilikuwa nene, upande wa pili imelika mpaka imekuwa kama kucha.

"Landrova, mwambie Baba imekwisha. Ila meno yote ni mazima. Yanang'aa."

Mkono wenye mafuta ukatokea chini ya turubai, ukaipokea ile bushi, kidole gumba kikaipapasa.

"Landrova," Mzee alisema polepole, "huyu mtoto ana macho."

Enesi aliinamia beseni ingawa hapakuwa na mtu wa kuuona uso wake.

Bushi nyingine aliipata yeye. Alimpigia Ishaka, muuza vipuri vya mtumba jirani na gereji ya mjomba, na simu ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko dizeli. Ishaka alimtambua kwa jinsi alivyokaa kimya.

"Huyu ni Enesi! Hakuna mwingine anayepiga simu halafu asiseme. Unataka nini, dada? Bushi ya Landrova ya kale? Ipo moja nimeitoa kwenye gari la Wazambia, nzima kabisa. Nakutumia kwa bodaboda."

Nayo ikaja, imefungwa kwenye gazeti na soksi.

Asubuhi iliyofuata Enesi alitandaza vyuma vyote vilivyooshwa kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, kwa mstari mmoja, kwa mpangilio uleule viliotoka nao: gia, vasha, bushi, gia, vasha, kola. Kisha akaenda kisimani. Aliporudi alimkuta Elina amesimama mbele ya kichanja, anajifuta mikono, uso umejaa raha.

"Mlikuwa mmeviacha ovyo kama kahawa ya mvivu," Elina alisema. "Nimewachambulia."

Alikuwa amevichambua kweli. Elina alikuwa amechambua kahawa tangu usichana wake, na mikono yake haikuweza kupita kwenye kichanja bila kufanya kazi. Vikubwa kwa vikubwa. Vya kati kwa vya kati. Vasha zote pamoja, kwenye kilima kidogo kinachometa, zinafanana kama maharage. Vyenye mikwaruzo alikuwa ameviweka kando kabisa, daraja la mwisho.

Mzee alitoka, na Enesi akageuka kutazama migomba. Alimsikia akipapasa kichanja, mwanzo mpaka mwisho.

"Elina."

"Abee."

"Umevipanga."

"Nimevipanga, ndiyo."

"Umevipanga vizuri sana," Mzee alisema, akaenda kukaa juu ya jiwe, mgongo kwa watu.

Elina alimtazama mumewe, akamtazama Enesi, na raha ikamtoka usoni taratibu. "Nimefanya nini?" alinong'ona.

Vasha zile, pete nyembamba za chuma zinazokaa kati ya gia, zilitofautiana unene kwa kiasi kidogo tu. Ukikosea moja, gia itabana au itacheza, na safari itakuwa ileile ya kuchomoka. Mzee alikuwa akitegemea mstari. Sasa mstari haukuwepo, na Asajile alikuwa ameshapiga simu kusema amefika Nakonde, upande wa pili wa mpaka.

Mpaka siku hiyo, kupitia Landrova, Enesi hakuwahi kuanza yeye maneno. Alikuwa akijibu tu. Alikwenda akasimama nyuma ya gari, akashika bodi yake kwa mkono.

"Landrova," alisema, na sauti ikatoka ndogo, akairudia. "Landrova, mwambie Baba arudi mezani. Vidole vyake vinajua unene. Mimi naona mikwaruzo. Vasha na gia vilivyokaa pamoja vina mikwaruzo inayolingana. Tutavipata."

Viatu vikasikika vikirudi bandani.

"Landrova," Mzee alisema, "mwambie mkamwana aniletee vasha zote. Na mwambie Elina asiguse hata kijiko."

Walivirudisha kimoja kimoja. Mzee akibana vasha kati ya kidole gumba na cha shahada, anasema "nene" au "nyembamba" au "katikati ya hizi," kisha anaipitisha chini ya turubai. Enesi anaigeuza kwenye mwanga na kuilinganisha na uso wa gia. "Landrova, mwambie Baba hii siyo." "Landrova, mwambie hii ndiyo, mikwaruzo imebusiana." Mzee alicheka kwa neno hilo, kicheko kifupi cha kushtukizwa. Asajile akapiga tena: foleni ya Tunduma ilikuwa haiendi, malori yamejaa mpaka Nakonde, hajui atatoka lini. "Poleni sana kwa kunisubiri," alisema kwa unyonge. Kwa mara ya kwanza tangu mpaka uwepo, familia nzima ilimshukuru Mungu kwa foleni.

Kola ya gia ya tatu, ile pete inayosogea kuishika gia, ndiyo iliyowasumbua mwisho. Ndani yake mlikuwa na gololi ndogo zilizosukumwa na springi, na ukiisogeza kola kupita kiasi zinaruka. Mzee aliisogeza kupita kiasi. Pa! Pa! Pa! Gololi zikatawanyika bandani. Enesi alidaka moja hewani. Nyingine aliikuta kwenye kiatu chake. Ya tatu ilibingirika mpaka mlangoni, ikasimama mbele ya kuku mwekundu wa Elina, ambaye aliitazama kwa jicho moja, akaitazama kwa la pili, akaimeza.

"Kameza!" Enesi alipiga kelele.

"Nani kameza?" Mzee aliruka upande wake. "Landrova, muulize nani kameza nini!"

"Landrova, ni kuku! Kuku mwekundu kameza gololi!"

"Mkamateni! Chinja!"

"Nani achinje?" Elina alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Kuku wangu anataga!"

"Basi atataga gololi!"

Walimkimbiza kuku kuzunguka banda, Enesi na Imelda anayeruka mgongoni kwa furaha, Elina na mwiko, na upande wa pili wa ukuta Mzee akizunguka kinyume chao asikutane na mkamwana, akipaza sauti ya maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Walipomkamata, wakamfunga mguu kwenye mti wa kichanja, wakamlisha mahindi, wakamsubiri kwa heshima kama mgeni. Enesi alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka kwa kucheka. Ilimchukua muda kugundua kwamba nyuma ya turubai kulikuwa na mwingine anayecheka vilevile, na kwamba kila mmoja alipokaribia kunyamaza, kicheko cha mwenzake kilimrudisha.

Kesho yake Elina alileta gololi kwenye kisahani, ameiosha kwa sabuni. "Chukueni mali yenu," alisema. "Na kuku wangu ana nguvu kuliko gari lenu."

Asajile alifika siku giaboksi iliporudishwa ndani ya gari. Alikuja na wanunuzi wa chuma chakavu, wanaume wawili wachangamfu waliobeba mizani yao, wakaketi barabarani juu kusubiri kama watu waliofika mapema kanisani. Betri ya gari ilikuwa dhaifu, haikuweza kuiwasha. Ilibidi isukumwe. Vijana wakasukuma, haikutosha. Mwishowe hata wanunuzi wa chuma walishuka kusaidia.

"Mnasukuma nini nanyi?" Asajile aliwacheka. "Ikiwaka mnakosa mali."

"Tunataka tuone wenyewe," mmoja alisema. "Kitu kama hiki hakionekani kila siku."

Ikawaka. Moshi, kelele, kuku wakatawanyika. Mzee alishika usukani, Elina na Enesi wakapanda nyuma na mtoto, kwa sababu mahali pa Enesi palikuwa nyuma, penye dirisha la kichwa cha gari, mgongoni mwa dereva, ambalo kioo chake kilipotea zamani. Njia ya kutoka uani ilitambaa chini kidogo, kisha ikapanda mlima mkali mpaka barabarani. Gari likaanza kupanda. Gia ya pili, kisha ya tatu. Enesi alikuwa ameshika bodi kwa mikono miwili. Tatu ilishika. Haikuchomoka.

Kisha mlima ukawa mkali, na injini ikaanza kuzama. Mzee alitaka kurudi gia ya pili. Krrrr! Meno yakasaga. Akajaribu tena. Krrrr! Alikuwa amesahau. Landrova za umri ule hazipokei gia ya pili kwa kukanyaga klachi mara moja. Unakanyaga, unatoa, unaachia, unapiga moto kwa kukanyaga mafuta, unakanyaga klachi tena ndipo unaingiza. Mikono ya Mzee iliyajua hayo miaka yote aliyoendesha, lakini mbele ya mwanawe, na mizani ile barabarani, mikono ikapotea. Injini ikizimika pale, isingewaka tena. Nyuma yao kulikuwa na mteremko na mto.

"Elina!" Mzee aliita. "Gia haiingii! Elina!"

"Mimi nijue nini?" Elina alipiga kelele.

Hapakuwa na nafasi ya kupitia kwa mtu wala kwa gari. Enesi aliingiza kichwa dirishani, mdomo wake karibu na sikio la baba mkwe.

"Baba! Kanyaga klachi!"

Mguu wa Mzee ukakanyaga.

"Toa gia! Achia klachi! Piga moto, Baba, piga sana! Kanyaga tena! Ingiza!"

Gia ya pili ikaingia kimya, kama kisu kwenye parachichi. Landrova ikanguruma, ikakaza mgongo, ikapanda, mawe yakiruka nyuma yake, vijana wakikimbia pembeni wakipiga vigelegele vya kina mama, mpaka ikatoka barabarani na kusimama, inatetemeka, injini ikiwaka.

Ndipo Enesi alipotambua alichofanya. Alitoa kichwa dirishani taratibu, akakaa chini sakafuni, akajifunika kanga mpaka machoni. Alikuwa amemsemesha. Si kumsemesha tu. Alikuwa amemfokea.

Asajile alikuja mbio. "Nani huyo aliyekuwa anamfokea baba yangu?"

Elina alitazama mbele, uso mkavu. "Landrova," alisema.

Mzee hakucheka. Alimwambia Asajile, "Chumba utajenga kule kwenye miparachichi. Matofali nitakubebea mwenyewe." Akafungua mlango wa upande wa abiria kutoka ndani, ukalia kwa kutu.

"Mama Imelda," aliita, bila kupitia kwa mtu. "Njoo ukae mbele."

Enesi hakuinuka. Elina akampokonya mtoto, akamfinya bega. "Umeitwa, mwanangu. Mwenyewe ndiye amefungua. Nenda."

Alishuka, akazunguka, akapanda. Wanunuzi wa chuma wakaomba lifti mpaka njia panda, na mizani yao ikapakiwa nyuma karibu na Elina, ambaye alianza kumpima mtoto papo hapo huku Asajile akining'inia ubavuni. Gari likaondoka. Ndani, mkamwana na baba mkwe walitazama mbele wote wawili, barabara moja, na hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake. Kwanza, pili, tatu. Barabara ilinyooka kwenye mgongo wa mlima, mashamba yakishuka pande zote mbili, na mkono wa Mzee ukaondoka kwenye gia.

"Imeshika," alisema.

"Imeshika, Baba."

Walifika kona ya pili. Enesi alikuwa na neno lililomkaa kifuani tangu siku zile za turubai, ambalo hakumwambia Elina, wala Asajile kwenye simu, wala gari lenyewe. Alivuta kanga ikamshuka mabegani.

"Nilitaka ipone, Baba," alisema. "Lakini kila asubuhi nilikuwa naomba isipone leo, ili tukae tena mezani."